Juma la Kupikiana

Wiki iliyopita jirani yangu wa ghorofa ya chini alifunua sufuria, na mimi, niliyekuwa nikipanda ngazi na kikapu cha nyanya, nikasimama kama niliyeitwa kwa jina. Ilikuwa harufu ya malewa. Kwa wasioyajua, malewa ni machipukizi ya mianzi kutoka Mlima Elgon, yaliyokaushwa kwa moshi mpaka yakawa meusi na magumu kama kamba za viatu vya askari, kisha yakalowekwa, yakachemshwa, yakaungwa kwa karanga. Nisiwadanganye: si harufu ya kumvutia mgeni. Inanuka kama nyumba iliyoungua ambayo mwenyewe, badala ya kulia, ameamua kuipika. Lakini nilisimama pale ngazini nikaivuta mpaka nyanya mbili zikadondoka, maana ndani yake kulikuwa na ua wa kambi moja ya Mbale, kamba ya nguo, wanawake wawili wenye hasira, na uongo mdogo niliousema nikiwa na miaka tisa.

Uongo huo sijawahi kuuandika popote. Ninyi mtakuwa wa kwanza.

Nilizaliwa Jinja, Uganda, katika nyumba za askari jela, kwa baba wa kabila la Wateso na mama Msoga. Baba alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na nadhani wafungwa walimtii kwa kumhurumia. Mama alikuwa binti wa Bugembe, mji ule wa kando ya barabara iendayo Iganga, ambako watu hujifunza kubishana na magari kabla ya kujifunza kutembea. Kila Jumamosi alinipeleka huko kwa bibi yangu, na huko ndiko nilikopatia ugonjwa wangu wa maneno.

Bibi alikuwa na wajukuu kumi na mmoja na jicho moja lililoona vizuri. Tukianza ugomvi nyuma ya nyumba, yeye alikuwa haoni, anasikia tu. Na alichosubiri kukisikia kilikuwa kitenzi kimoja. Kwa Kisoga, kupiga ni *okukuba*, na kupigana ni *okukubagana*. Nilikipenda kile kimkia, *gana*. Niliona kama Wasoga hawakutaka kuharakisha jambo lolote ambalo watu wawili wanafanyiana. Waliliongezea silabi mbili nzima ili kila mmoja apate yake. Bibi naye alikuwa na sheria yake juu ya kimkia hicho. Alisema kinawafunga watu wawili kwa kamba moja, na ukishakisikia usipoteze muda kuuliza nani alianza. Akatuchapa wote.

Katikati ya miaka ya tisini baba alihamishiwa Mbale. Tulikwenda juu ya lori la kazi, mimi nikiwa nimekalia gunia la viazi vitamu ambalo mama hakukubali liachwe, kana kwamba Mbale hakuna udongo. Nyumba yetu mpya ilikuwa moja katika safu ndefu ya nyumba za mabati za kambi ya magereza, upande wa Namakwekwe, na kila asubuhi ukifungua mlango ulikutana na Wanale, ule mlima wa mwamba ulioinuka juu ya mji na maporomoko yake membamba meupe, kama mtu aliyelia usiku akasahau kujifuta uso.

Jirani yetu alikuwa Mama Khainza, mke wa Koplo Wamono, Mgisu wa kutoka Busiu. Tulishirikiana naye ukuta, bomba, ua na kamba ya nguo. Tulishirikiana pia harufu: malewa yake yaliingia kwetu, na mukene wa mama, wale dagaa wa Ziwa Nyanza ambao shangazi alituletea kutoka Jinja, wakaingia kwake. Binti yake Khainza alikuwa na umri wangu. Tulikuwa marafiki kabla magodoro hayajashushwa.

Urafiki wetu ulianza kwa kubadilishana maneno, kama watoto wengine wanavyobadilishana gololi. Nilimpa *okukubagana*, naye akanipa *khukhupana* ya Kimasaba, lugha ya Wagisu. Tulishangaa: Wagisu walitumia kimkia kifupi, *na*, kilekile cha Kiswahili cha kambini! Tukadhani tumegundua siri ya serikali. Tuliviweka vitenzi kwenye mizani: kusukuma na kusukumana, kucheka na kuchekana, kungoja na kungojana. Shuleni tuligundua kwamba Kiingereza hakina kimkia chochote. Waingereza wanakiacha kitenzi kitembee peke yake, halafu nyuma yake wanatuma maneno mawili, *ichi aza*, kama watoto wawili waliochelewa shule. Tuliwaonea huruma.

Aliyetuchanganya alikuwa Omondi, dereva wa Kenya, Mjaluo mwenye tumbo la kuheshimika, aliyeegesha lori lake karibu na lango la kambi kila Alhamisi na kunywa chai kwenye kibanda cha chapati. Tulimuuliza kwao wanasemaje.

"Kupiga ni *goyo*," alisema. "Wakipigana, *gigoyore*."

"Na mtu akijipiga mwenyewe?"

"*Ogoyore*. Mkia ni huohuo."

Khainza alikunja uso. "Sasa ukisikia *gigoyore*, utajuaje kama wanapigana ama kila mtu anajipiga mwenyewe?"

"Unaangalia damu iko kwa nani, mwalimu."

"Na kupendana?" niliuliza mimi.

"*Giherore*. Wanapendana. Ama kila mtu anajipenda yeye." Akapuliza chai yake. "Hapo hakuna damu. Hapo ni kungoja uone nani anaosha vyombo."

Tulicheka bila kuelewa. Miaka mingi baadaye nimeingia katika nyumba za watu, na yangu mwenyewe pia, nikaangalia karo la vyombo kabla ya kuangalia picha za harusi.

Sasa lazima niseme neno juu ya mama na Kiswahili, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Mama hakukisema. Si kwamba hakikumwingia, alikikataa. Alikuwa msichana wakati wa serikali za wanajeshi, na Kiswahili alichokisikia ujanani mwake kilitoka kwenye midomo ya watu wenye bunduki kwenye vizuizi vya barabara. Alijua *simama*, *kaa chini*, *leta*, *nyamaza* na *piga huyu*. Kwake ile haikuwa lugha, ilikuwa mlolongo wa amri, na hata alipoolewa na askari na kuishi kambini, alipita katikati ya Kiswahili kama mtu anayepita sokoni huku amebana pua. Mimi nilikuwa ulimi wake. Aliponunua mkaa, niliununua mimi. Alipomsalimu mke wa sajini, nilimsalimu mimi, na nilipunguza au kuongeza adabu kadiri nilivyoona inafaa.

Kisa chenyewe kilianza kwa sare. Mama alikuwa ameanika mukene wake juu ya gunia, chini ya kamba ya nguo, kwa sababu hapo ndipo jua lilipokaa muda mrefu. Mama Khainza naye alikuwa ameanika sare ya Koplo Wamono juu ya kamba hiyo hiyo. Harufu haijui kusubiri ruhusa. Ilipanda polepole siku nzima, ikakaa kwenye kola, ikaingia chini ya vifungo. Kesho yake asubuhi, kwenye gwaride, mkuu wetu wa kambi alipita mbele ya safu, akarudi nyuma hatua mbili, akanusa.

"Koplo," alisema, na kambi nzima ikasikia, "wewe ni askari ama ni mvuvi?"

Jioni hiyo Koplo Wamono hakula. Na siku iliyofuata, mama alipotandaza mukene tena mahali pale pale, Mama Khainza alitoka, akalivuta gunia mpaka upande wa pili wa ua, akarudi kufua. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Ila upande ule wa pili ndiko walikokuwa kuku.

Nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua mchele. Khainza alikuwa ametumwa chumvi. Niliona kuku wakila samaki wa Jinja kwa heshima kubwa, mmojammoja, kama wageni wa harusi. Niliona mama akitoka jikoni na mwiko mkononi, mwiko wa mvule aliopewa na mama yake. Niliona akivuka ua. Alimpiga Mama Khainza mara moja tu, kwenye kifundo cha mkono, na mlio wake nausikia hadi leo: mlio mkavu, kama wa mtu anayegonga mlango wa nyumba tupu.

Mama Khainza hakurudisha. Alisimama akiutazama mkono wake kama mtu anayesoma saa. Kisha yakaanza makelele, Kisoga upande huu na Kimasaba upande ule, na ndipo majirani walipotoka. Kwa hiyo ni mimi peke yangu niliyeona nani alimpiga nani.

Sheria ya kambi juu ya mambo haya ilitungwa na mkuu huyo huyo, ambaye sote tulimwita Afande tu. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mseja, mwenye fimbo ya kutembelea ambayo hakuihitaji. Alikuwa amechoka na kesi za wanawake, kwa sababu kila kesi ilikuja na lugha tatu na mashahidi wote walikuwa shemeji. Basi alizifupisha zote kuwa sheria moja, na sote tuliijua kwa moyo hata sisi watoto: mwenye kupiga jirani, anatoka, wenye kupigana, wanapikiana.

Aliyepiga jirani, nyumba yake ilinyang'anywa siku hiyo hiyo, akatafute chumba mjini. Tulishaona. Familia moja ya mwisho wa safu ilitolewa msimu wa mvua, na nakumbuka kitanda chao nje, na saa yao ya ukutani juu ya godoro, ikiendelea kwenda kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini waliopigana, yaani wote wawili walirusha mikono, hao walibaki, na adhabu yao ilikuwa kupikiana kwa siku saba. Nyumba hii inaipikia ile, na ile inaipikia hii. Chakula kinavushwa uani bila kufunikwa, kila mtu akione, na kinaliwa chote. Hakuna mtu aliyejua Afande aliipata wapi sheria hiyo. Wapo waliosema ni desturi ya kwao. Mama yangu alisema ni desturi ya tumbo lake, kwa sababu kila jioni ya juma hilo Afande alipita nyumba zote mbili kukagua, na ukaguzi wake aliufanya kwa kijiko.

Mama aliniambia kabla hatujaitwa, akikunja nguo zangu na kuziweka kwenye sanduku la bati: "Wakitutoa, hatuendi kupanga chumba cha mtu. Wewe na mimi tunarudi Bugembe. Baba yako atakuja mwisho wa mwezi." Alilisema jambo hilo kama mtu anayesoma bei ya sabuni. Niliwaza juu ya baba peke yake katika nyumba ile, akijipikia uji. Niliwaza juu ya Khainza, na vitenzi vyote ambavyo bado hatujavipima.

Kesi ilisikilizwa alasiri hiyo karibu na tangi la maji, palipokuwa na kivuli cha mabati. Afande alikaa kwenye kiti pekee. Wanawake wote wa kambi walikuja na kazi zao mikononi, kunde za kuchambua, watoto wa kunyonyesha, ili ionekane wamepita tu.

"Mama ya Jinja," alisema Afande. "Wewe ulipiga Mama Khainza ama hapana?"

Mama alinisukuma mbele. Kwa Kisoga akasema, kwa sauti tulivu ya mtu asiyeona aibu yoyote: "Mwambie nilimpiga. Mwambie akigusa samaki wangu tena, nitampiga tena."

Afande akanitazama. "Anasema nini?"

Jamani, nililiona tena lile sanduku la bati. "Anasema walipigana, Afande."

Mahali fulani nyuma yangu mke wa sajini, ambaye alikuwa mtu wa Buganda, kwenye lugha inayokaribiana na yetu, na alielewa Kisoga vizuri sana, alishikwa na kikohozi.

"Walipigana," alirudia Afande. Akamgeukia jirani yetu. "Mama Khainza. Wewe pia ulipiga?"

Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Mama Khainza alikijua Kiswahili, si kizuri, lakini cha kutosha. Alikuwa amesikia. Mkono wake ulikuwa umefichwa ndani ya leso. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi, na alinitazama kwa muda ambao kuku mmoja aliutumia kuvuka kivuli chote kutoka upande hadi upande.

"Ndiyo, Afande," alisema. "Tulipigana."

"Ulimupiga wapi?"

Alimpima mama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayetafuta ukutani mahali pa kutundika kalenda. "Kwa mugongo."

"Na nini?"

"Na... kandambili."

Sasa, mgongo kwa Kisoga ni mugongo, kandambili ni kandambili hata kwetu, na kupiga mama alikijua kutoka kwenye vizuizi vya barabara. Akajumlisha.

"Nani?" alinong'ona. Kisha hakunong'ona tena. "Mimi? Nipigwe na huyu? Kwa kandambili? Mwambie Afande hakuna mtu Mbale nzima aliyewahi kunigusa! Mwambie nilimpiga peke yangu! Peke yangu!" Akajigonga kifua kwa ngumi ili asikose kueleweka.

"Anasema nini?" aliuliza Afande.

"Anasema," nilijibu, "mgongo bado unamuuma, Afande. Mpaka huku mbele."

Mke wa sajini alilazimika kuondoka. Wengine wawili walimfuata wakimsaidia kukohoa. Afande alinyoosha fimbo yake kuelekea Wanale, kama alivyofanya kila alipotoa hukumu, akasema milima haikutani lakini binadamu hukutana, na nyinyi mama si milima. Siku saba. Mutapikiana.

Mama alipoelewa kwamba hatutoki, alilifungua sanduku la bati akarudisha nguo zangu msumarini, moja moja. Lakini alikuwa na uchungu wa shahidi aliyenyimwa haki yake. Siku ya kwanza alimpelekea jirani viazi vitamu na mukene, bakuli zima, macho ya samaki yote yakitazama juu. Kutoka upande wa pili yalikuja malewa, mengi, bila chumvi. Tulikula kwa sababu Afande alikuwa mlangoni na kijiko chake. Baba alitafuna, akasema, "Si mabaya," kwa sauti ya mtu anayetambua maiti.

Siku ya pili ikaja chumvi. Siku ya tatu ziliongezwa karanga, na mama alipoonja alitazama ndani ya bakuli, halafu akaenda sokoni mwenyewe. Hakuweza kuvumilia kushindwa. Mukene wake siku hiyo ulipikwa kwa karanga zilizotwangwa mara mbili, vitunguu na nyanya, na nilipouvusha uani nilisikia milango ikifunguka. Siku ya nne tulipata kuku. Nadhani alikuwa mmoja wa wale waliokula samaki wetu, kwa hiyo naweza kusema samaki walirudi. Koplo Wamono na baba yangu walianza kutembea pamoja baada ya kazi, wakiwa wamelegeza mikanda, na sisi watoto tulikula nyumba zote mbili na kuomba vita viendelee. Nasikia wanawake wawili wa mwisho wa safu, marafiki wa siku nyingi, walijaribu kupigana Jumatano hiyo, lakini walicheka wakashindwa.

Siku ya tano ndizi zilikuja zimemenywa vibaya. Vipande vya maganda vilikuwa vimebaki, vyeusi, vimeshikilia kama ruba. Mama alikitoa kimoja kwa vidole viwili akakiinua juu ili baba akione. "Mwanamke wa Kigisu," alisema kwa furaha kubwa, "na hajui kumenya ndizi!"

Nilipeleka bakuli letu, na kwa kuwa mlango wa jiko lao ulikuwa wazi, niliingia bila kubisha. Khainza alikuwa amekaa chini na kisu kikubwa kuliko mkono wake, akimenya. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, akimwonyesha kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, umevimba kutoka kifundo hadi kwenye vidole, unang'aa kama biringanya.

"Weka hapo, mwanangu," alisema. "Mwambie mama yako asante."

Nilirudi uani nikihesabu. Siku tano. Nilikuwa nimemhukumu mwanamke aliyepigwa ampikie aliyempiga, na nililifanya hilo kwa silabi moja, nikajiona mjanja. Nililia nyuma ya tangi mpaka nikachoka, kisha nikaenda kwa mama nikamwambia kila kitu: nilichomwambia Afande, alichojibu Mama Khainza, na mkono. Nilitegemea mwiko.

Mama hakunipiga. Aliuliza jambo moja tu: "Yeye alikisikia ulichosema? Kwa Kiswahili? Alikielewa?"

"Ndiyo, mama."

"Na akasema ndiyo."

"Ndiyo."

Alifunga leso yake upya. Alichukua kisu chake, kile chembamba cha kumenyea, na chupa ya samli aliyokuwa akijichulia magoti, akavuka ua katika jua la saa kumi, watu wakitazama. Nilimfuata ili nimtafsirie, maana nani mwingine angeweza? Alisimama mlangoni mwa jiko la Mama Khainza. Mama Khainza alianza kuinuka. Na mama yangu, ambaye hakuwahi kukitamka Kiswahili mbele yetu hata mara moja, alifungua kinywa chake na kukitoa chote alichokuwa nacho.

"Kaa chini!" alisema.

Mama Khainza alikaa.

"Leta mkono!"

Mama Khainza aliuleta. Mama alipiga magoti, akafungua kile kitambaa, akamimina samli kiganjani, akaanza kuchua taratibu kutoka kwenye vidole kwenda juu. Mama Khainza alivuta pumzi kwa uchungu, akaanza kusema kitu.

"Nyamaza," alisema mama, kwa sauti ambayo hakuna askari aliyewahi kulitamkia neno hilo. "Nyamaza, nyamaza, nyamaza." Na machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya samli.

Hakuna aliyenihitaji. Nilikaa na Khainza, tukamenya.

Afande alipokuja jioni na kijiko chake alikuta jiko letu limefungwa na wanawake wote wawili wako kwenye jiko moja, mmoja akikoroga na mmoja akionja na kutikisa kichwa. Alisimama mlangoni akiwa amechanganyikiwa kisheria. "Sasa," aliuliza, "hapa nani anapikia nani?" Akakaa, akala, na ile siku ya sita na ya saba hakuzitaja tena.

Nilidhani wakati ule kwamba Mama Khainza alikubali kwa sababu alimwogopa Afande. Baadaye nikadhani hakuelewa swali. Mtoto huamini kwamba watu wazima hukosea kwa njia rahisi. Ilinichukua muda mrefu sana kuona kile ambacho mama alikiona mara moja, kabla hata hajachukua kisu chake: kwamba hakuna kimkia katika lugha yoyote kinachoweza kuwafunga watu wawili kama mmoja wao hatanyoosha mkono kukishika. Mimi nilitamka tu. Aliyekifanya kuwa kweli ni yule mwenye mkono uliovimba.

Mwaka jana nilikwenda Busiu, ambako Koplo Wamono alistaafu akalima mahindi. Mama Khainza sasa ni mzee, na kifundo chake cha kulia hakikunjiki vizuri siku za baridi. Tulikaa nje tukipukuchua. Nikakusanya ujasiri wangu wote wa mtu mzima, nikamuuliza kwa nini alisema ndiyo siku ile, wakati hakuinua hata kidole. Alifikiri kidogo, punje zikidondoka ndani ya ungo.

"Wewe ulikuwa mutoto," alisema. "Ulikuwa umeshasema. Nikuache na ule uongo peke yako?"